Maneno ya Kiingereza yanayofanana sauti ni ndugu wa tumbo moja. Anayebisha alete ushahidi

#1 Mkalamu
Wakuu, salaam.

Wiki hii nimeaibishwa na herufi moja. Nilimwandikia bosi kuomba "stationary" ya ofisi. Akajibu kwa mstari mmoja: "Kimesimama nini tena huko?" Nikaukodolea macho ule mstari mpaka mwenzangu wa meza ya jirani akasogea, akaweka ukucha juu ya ile a kwenye kioo, akaondoka bila kusema neno. Kwa a ni kitu kilichosimama tuli. Kwa e ndiyo karatasi, kalamu na bahasha.

Nikaingia kwenye kamusi kwa hasira, kumbe ni neno moja. Kilatini "stationarius", wa kituoni. Ulaya ya kale wauzaji wengi walikuwa wachuuzi wa kutembeza mzigo. Yule mwenye kibanda kisichohama ndiye aliyeitwa "stationer", na wengi wa aina hiyo walikuwa wauza vitabu waliojibanza karibu na vyuo vikuu. Bidhaa zikachukua jina la muuzaji. London chama chao kilianza 1403, kikapata hati ya kifalme 1557. Yaani karatasi imepewa jina na mtu asiyetembea! Hata sisi tuna stesheni na steshenari, na sijawahi kumsikia mtu akijiuliza zimekutana wapi.

Sasa dai langu: jozi zote hizi za Kiingereza zinazotutoa jasho ni neno moja lililopasuka katikati. Anayebisha alete jozi tuichambue.

#2 Bibi Nukta
"Kimesimama nini tena huko" 😂😂 Huyo bosi namtaka kwenye uzi huu. Naweka kiti.

#3 Fundi Herufi
Mkalamu, nakuunga mkono. "Flour" ya unga na "flower" ya ua ni neno moja. Unga uliochekechwa uliitwa ua la ngano, yaani ile sehemu bora kabisa inayobaki pumba zikishatoka. Muda mrefu yote mawili yaliandikwa "flower" na hakuna aliyeponda waridi akidhani ni ngano. Kamusi ya Samuel Johnson ya 1775 bado haikuyatenganisha.

Nyingine ni "metal" na "mettle", madini na ujasiri. Asili yake Kigiriki "metallon", machimbo. Mtu jasiri alisemwa kwa madini aliyoumbwa nayo, baadaye tahajia zikaachana na watu wakasahau kwamba ilikuwa fumbo tu.

#4 Swali Dogo
1755, Fundi. Mwaka 1775 hiyo kamusi ilikuwa na miaka ishirini mikononi mwa watu.

#5 Fundi Herufi
Sawa, 1755. Vidole vimeteleza.

#6 Kaa la Moto
Mmeona ndugu wawili mmetangaza ukoo mzima.

Chukueni "desert" ya jangwa na "dessert" ya kitamutamu baada ya mlo. Wengi wanajua hizo mbili, ila zipo tatu. Jangwa ni Kilatini "desertum", mahali palipoachwa. Kitamutamu ni Kifaransa "desservir", kuondoa vyombo mezani, kwa sababu kililetwa meza ikishasafishwa. Ya tatu ni "deserts" ya kwenye "just deserts", malipo anayostahili mtu, inayotoka nyumba moja na "deserve". Hii ya tatu inaandikwa kama jangwa na kutamkwa kama kitamutamu, lakini si jangwa wala si kitamutamu.

Najua kwa sababu imenichoma. Nilikuwa nafasiri taarifa, mwandishi kasema fulani "got his just deserts". Nikaandika "alipata jangwa lake la haki". Mimi sikuona, mhariri hakuona, ikachapwa. Wasomaji ndio walioona.

Ongezeni "ear". Sikio na suke la nafaka, herufi zote sawa, sauti sawa, na hazina undugu wowote. Mkalamu, hapo unapasua nini?

#7 Mzee wa Pembeni
Kaa la Moto, jina lako lenyewe lina kaa la kuni, kaa wa baharini na kaa kitako. Nao ni ndugu?

#8 Kaa la Moto
Na wewe kaa kwenye mada.

#9 Mkalamu
#6 umeniumiza, ila subiri kwanza. "Dessert" ni kuondoa kilichoandaliwa, ndani yake kuna "servir". "Deserve" nayo ni "servir" hiyohiyo, Kilatini "servire", kutumikia: aliyetumika vizuri anastahili malipo. Kwa hiyo kitamutamu na malipo ya haki ni binamu! Jangwa ndilo mgeni, na ndilo lililofanana herufi na moja wao. Nusu pointi yangu hiyo.

#10 Kaa la Moto
Nusu nakupa. Ulidai zote.

#11 Jua Kali
Mimi nilifundishwa kwamba "news" ni North, East, West, South, habari kutoka pande zote nne. Hilo nalo liingie kwenye orodha.

#12 Fundi Herufi
Jua Kali, hilo limetuzunguka wengi. "News" ni "new" tu iliyowekwa kwenye wingi, mambo mapya, kama Wafaransa wanavyosema "nouvelles". Zamani iliandikwa hata "newes". Sasa pigia hesabu: Kaskazini, Mashariki, Magharibi, Mashariki tena, Kusini. Huyo mwandishi wa habari amepotea njia.

#13 Jua Kali
😂 Mwalimu wangu alituapia.

#14 Daktari wa Koma
Mnagombea ukoo, lakini hamjauliza hayo maneno yalifananaje. Kati ya takriban 1400 na 1700 irabu ndefu za Kiingereza zilihama. Kabla ya hapo "see" ya kuona ilikuwa na e ndefu, karibu na vile ambavyo Mswahili asiyejua Kiingereza angeisoma leo. "Sea" ya bahari ilikuwa na e nyingine, ya mdomo uliofunguka zaidi. Zilikuwa sauti mbili, na mwenye masikio alizitenganisha bila shida. Irabu zikapanda, zote mbili zikaishia kwenye i. "Meet" na "meat" vilevile. Watu wawili wasiojuana wamesukumwa na umati mmoja hadi wakajikuta wamekaa kiti kimoja.

Enzi za mshairi wa Kiingereza Chaucer, aliyefariki 1400, hata "name" ilisomwa karibu na sisi tungeisoma: na-me. Mtoto wa darasa la kwanza anayechapwa kwa kusoma "na-me" amechelewa tu kuzaliwa.

Na "knight" na "night"? K ilitamkwa, na ile gh ilikwaruza kooni kama kh yetu ya maneno ya Kiarabu. "Cniht" alikuwa kijana, mtumishi. Mjerumani bado ana "Knecht" na kwake amebaki mtumishi. Mwingereza alimpandisha farasi, baadaye akamnyang'anya k mdomoni na kumwachia kwenye karatasi.

#15 Mpanga Risasi
Daktari, sababu halisi ni mashine. Caxton alifungua mtambo wake wa kuchapa Westminster mwaka 1476, wakati irabu zako ziko nusu ya safari. Wachapaji wakagandisha tahajia, mdomo ukaendelea na njia yake. Kingekuwa Kiingereza kimesubiri miaka mia mbili kabla ya kuchapa, "sea" na "see" zingeandikwa namna moja na uzi huu usingekuwepo.

#16 Daktari wa Koma
Hiyo inaeleza kwa nini yanatofautiana kwenye karatasi. Haielezi kwa nini yanafanana mdomoni. Umejibu swali la jirani.

#17 Mpanga Risasi
Swali la jirani ndilo lililomtia Mkalamu aibu. Alikosea a, hakukosea sauti.

#18 Bibi Nukta
Hapo kashikwa mtu.

#19 Tumbili Msomi
Tuache irabu. "Pen" na "pencil", kalamu na penseli, nani atabisha kwamba si ndugu? "Pen" imeingia ndani ya "pencil" mzimamzima.

#20 Fundi Herufi
Nitabisha mimi. "Pen" ni Kilatini "penna", unyoya, kwa sababu walichonga manyoya ya ndege wakachovya wino. "Pencil" ni "penicillus", brashi ndogo ya mchoraji. Penseli ilikuwa brashi kabla haijawa kijiti cha risasi. Tena hiyo risasi si risasi, ni grafiti.

Ndugu halisi wa penseli hamtamdhania: ni penisilini. Ukungu unaoitwa Penicillium, ukiutazama kwa darubini, una vishina vilivyochanua nchani kama nywele za brashi, ndiyo ukapewa jina hilo. Fleming alipoona 1928 kwamba ukungu huo unaua bakteria, dawa ikarithi jina. Kwa hiyo penseli na sindano ya penisilini ni damu moja, kalamu ni mpita njia.

#21 Tumbili Msomi
Na "penicillus" yenyewe imetoka wapi?

#22 Fundi Herufi
Kutoka neno la Kilatini la mkia. Mkia mdogo. Tuishie hapo.

#23 Mzee wa Pembeni
Kwa nini tuishie hapo? Mbona umekimbia ghafla?

#24 Bibi Nukta
Mzee, kamusi unayo. Kuna watoto humu.

#25 Mwana wa Shaha
Nyie mnatafuta ndugu Ulaya wakati wengine wako nyumbani kwetu. "Bank" ya fedha ilitoka Kiitaliano "banca", benchi au meza ya mbadili fedha. "Bench" ya kukalia ni shina hilohilo la Kijerumani cha kale, na "bank" ya mto, ule ukingo ulioinuka kama benchi la udongo, nayo imo. Basi benki na benchi kwa Kiswahili ni neno moja lililoingia kwa milango miwili. Anayekaa benchi akisubiri kuitwa benki amekaa juu ya jina la benki.

Halafu "check" na "cheque". Asili ni sataranji: Kiajemi "shah", mfalme. Mfalme akitishiwa unapiga kelele "shah!", Wafaransa wakaligeuza, Waingereza wakapata "check". Kuzuia, kukagua, kuhakiki, yote yametoka hapo. Ubao wa sataranji una miraba, hazina ya mfalme wa Uingereza ilihesabia fedha juu ya kitambaa cha miraba, ikaitwa "Exchequer", na jina hilo ndilo lililoivuta hundi iandikwe "cheque". Na shah huyohuyo kwetu ni shaha, bingwa wa malenga. Mtu ananiandikia hundi na kumbe anamtaja mfalme.

#26 Kaa la Moto
Shaha nimekukubali, hii ni bora kuliko #1. Lakini ongezea "match". Kijiti cha kiberiti ni Kifaransa cha kale, utambi. Kulingana, kushindana, ile iliyotupa sisi mechi, ni Kiingereza cha kale, mwenzi. Waingereza walikuwa na lao, Wanormani wakaja 1066 na Kifaransa chao, maneno ya pande mbili yakagongana njiani. Mimi naona asilimia kubwa ya vurugu hii ni ya kutawaliwa, wala si irabu.

(Na kiberiti chetu ni Kiarabu cha salfa. Kila mtu aliazima moto kwa jirani.)

#27 Daktari wa Koma
Lakini "ear" uliyoleta wewe mwenyewe kwenye #6 ni Kiingereza cha kale pande zote mbili. Mnormani hakugusa suke wala sikio.

#28 Kaa la Moto
Nimesema asilimia kubwa.

#29 Mpekuzi
Naomba niwachafulie zaidi. Kuna maneno yaliyofananishwa kwa makusudi, yaani undugu wa kughushi.

"Island" na "isle". Mnaona s? "Isle" inatoka Kilatini "insula" kupitia Kifaransa, s ina haki yake. "Island" ni Kiingereza tupu, iliandikwa "iland", haijawahi kutamkwa na s tangu iumbwe. Karne ya 16 wasomi wakadhani ni jamaa ya "isle", wakaichomeka s.

"Female" haina "male" ndani. Ilikuwa Kifaransa "femelle", kijike. Watu wakaisikia karibu na "male", wakaivalisha. Na "whole" haikuwa na w. Ilikuwa jamaa ya "heal" na "holy", uzima na utakatifu, mpaka karne ya 15 w ikaja kukaa mbele, na leo inaitofautisha na "hole" ya tundu kana kwamba ndiyo iliyokuwa nia yao.

Nyingine ya kuwakamata: "playwright", mwandishi wa tamthilia. Haina "write" ndani. "Wright" ni fundi, aliyetoka kwenye "work". Mtunga tamthilia ni fundi kama fundi wa magurudumu.

#30 Tumbili Msomi
Hiyo s ya "island" ni aibu ya taifa. Watu wazima wanachomeka herufi isiyokuwepo!

#31 Mzee wa Pembeni
Taratibu. "Kitabu" ni Kiarabu, ki- yake ni sehemu ya mzizi, k-t-b, hiyo ya katibu na maktaba. Sisi tukaona ki-, tukasema wingi ni vitabu. Na "keep left" ya barabarani ikawa kipilefti, wingi vipilefti. Kila mtu akiona neno geni analivalisha nguo za nyumbani.

#32 Tumbili Msomi
Vipilefti nimeshindwa 😂

#33 Msomaji Kimya
Sijawahi kuchangia ila leo nimeshindwa kunyamaza. "Pupil" ya mwanafunzi na "pupil" ya mboni. Zote zinarudi kwa Kilatini cha mtoto: "pupillus", yatima aliye chini ya mlezi, na "pupilla", msichana mdogo au mwanasesere. Jicho lilipewa jina hilo kwa sababu ukimtazama mtu machoni kwa karibu unamwona mtu mdogo mle ndani, wewe mwenyewe.

Nimejaribu sasa hivi. Nimemkalisha binti yangu kando ya dirisha, nikasogeza uso hadi pumzi zetu zikagongana. Nipo kweli. Mdogo kuliko punje ya mtama, kichwa kimevimba, nyuma yangu mraba mweupe wa dirisha. Nikipepesa mkono, kile kidude nacho kinapepesa. Naye akasema humo ndani ya jicho langu "amekaa mtu". Hakuambiwa.

#34 Jua Kali
Kwa hiyo ndiyo sababu tunasema "mtoto wa jicho"?

#35 Bibi Nukta
Hapana jamani, mtoto wa jicho ni ule ugonjwa wa lenzi kuingia ukungu. Mboni ni mboni. Na mboni naiona iko karibu na kuona: shina la zamani la Kibantu ni -bona, Wazulu bado wanasema "bona". Sisi tumeangusha b kwenye kuona, ikajificha kwenye mboni.

#36 Mkalamu
#33 umeniacha kinywa wazi. Hiyo nahesabu pointi nzima kwangu, neno moja limepasuka.

#37 Saa Tisa
Wakati mnahesabu pointi, leteni masikio. "Noon" ya adhuhuri na "nine" ya tisa. Zinafanana kidogo, si ndiyo? "Noon" ni Kilatini "nona hora", saa ya tisa. Warumi walihesabu kuanzia jua kuchomoza, kwa hiyo saa ya tisa ilikuwa alasiri, ndiyo saa tisa yetu kamili. Baadaye sala ya saa hiyo na mlo wake vikasogea mapema, jina likasogea navyo hadi katikati ya mchana. Mwingereza akiambiwa kwamba adhuhuri yake inaitwa saa tisa anahitaji kueleweshwa. Mswahili anatazama tu saa yake na kuuliza kwa nini waliihamisha.

#38 Mwana wa Shaha
Saa Tisa, jina lako ulilichagua kabla ya uzi au baada?

#39 Saa Tisa
Miaka sita nimeisubiri hii mada.

#40 Mkalamu
Mrejesho kidogo. Nimemwandikia bosi upya, "stationery" kwa e, nimeikagua mara tatu. Amejibu: "Approved in principal."

#41 Bibi Nukta
😂😂😂 Weka ukucha kwenye kioo chake!

#42 Fundi Herufi
"Principal" ni mkuu wa chuo, au fedha ya msingi kabla ya riba. Alitaka "principle", kanuni. Ila mwambie kwa upole kwamba zote zinatoka kwa "princeps", wa kwanza, kwa hiyo amekosea ndani ya familia. Hiyo nayo yako, Mkalamu.

#43 Mkalamu
Simwambii kitu. Karatasi bado hazijafika.

#44 Kaa la Moto
Mkalamu anajipa pointi kila baada ya posti mbili. Basi nipe hii. "Sound". Ya sauti ni Kilatini "sonus". Ya uzima, kama "safe and sound", ni Kiingereza cha kale. Ya mkono wa bahari kati ya nchi kavu mbili ni jamaa ya kuogelea. Ya kupima kina cha maji ni Kifaransa "sonder". Wanne, herufi zilezile, sauti ileile. Nani mama yao?

#45 Mkalamu
Hao si ndugu, ni wapangaji wa nyumba moja.

#46 Kaa la Moto
Asante. Ndicho nilichosema tangu #6.

#47 Daktari wa Koma
Na nani aliyewahamishia nyumba moja? Sauti zilizohama. Turudi #14.

#48 Mpanga Risasi
Turudi #15.

#49 Swali Dogo
Kabla hamjarudi: ya kina cha maji na ya mkono wa bahari zote ni za majini. Kuna wanaosema hata hiyo ya Kifaransa iliazimwa kwa Wajerumani wa kaskazini, kwenye "sund" hiyohiyo. Wapangaji wawili kati ya wanne wanaweza kuwa ndugu wasiojuana.

#50 Mkalamu
Nusu pointi!